Maduka ya dawa yapewe kazi zaidi, sawa. Ushauri nani ataulipia?

Mtoto ana homa tangu jana usiku. Kituo cha afya kiko mbali, foleni ndefu, na mfukoni una elfu tatu tu. Utaenda wapi? Tuwe wakweli: utaenda duka la dawa la mtaani, kwa yule dada mwenye koti jeupe ambaye wote tunamwita "dokta", hata kama si daktari wala mfamasia.

Ndiyo maana hoja ya kuyapa maduka haya kazi zaidi, yaani kupima, kushauri na kutoa rufaa, inavutia. Naiunga mkono. Ila watetezi wake wanaongea sana kuhusu mafunzo na vifaa, halafu kwenye pesa wananyamaza.

Tanzania ilishaanza zamani. Mwaka 2003, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilianza mkoani Ruvuma kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Maduka ya Dawa Muhimu (DLDM). Wauzaji walipewa mafunzo, ukaguzi ukaimarishwa, na maduka yakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki kadhaa. Mpango ulienea mikoa mingine. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana dawa hizo zilikuwa zikiuzwa kwa kificho hata hivyo.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Tuseme duka limeruhusiwa kutumia kipimo cha haraka cha malaria. Tone moja la damu, unasubiri kama dakika 15 hadi 20, kipimo kinatafuta protini za vimelea. Unatokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Malaria haikuonekana.

Hapo ndipo mtihani unapoanza. Huenda jibu sahihi ni hili: "Mama, dawa mseto haihitajiki. Mpeleke kituoni wakamwangalie homa inatoka wapi." Muuzaji ametumia nusu saa, na droo yake ni tupu. Angeuza amoksilini angepata faida, nawe ungeondoka umeridhika. Sisi tunamwita mwenye tamaa, lakini tumemjengea biashara ambayo ukweli unamtia hasara. Bili inakuja baadaye: bakteria wanaozoea dawa, na siku mtoto atakapoihitaji kwelikweli, haifanyi kazi.

England walipozindua mpango wa Pharmacy First Januari 2024, wafamasia waliruhusiwa kutibu magonjwa saba ya kawaida, yakiwemo maumivu ya koo na ya sikio. Walipangiwa paundi 15 kwa kila mgonjwa aliyefikia vigezo vya tathmini, hata akiondoka bila dawa. Sisemi tunakili, bajeti yao si yetu, na muuzaji wa DLDM hana elimu ya mfamasia wa kule. Ninachochukua ni kanuni: ushauri ni kazi, na kazi hulipwa. Iwe kupitia bima au halmashauri, hilo lijadiliwe kabla ya kugawa vipimo.

Na wewe msomaji una sehemu yako. Siku "dokta" wa mtaani akikwambia huhitaji dawa, usinune ukaenda duka la pili. Huenda amekupa huduma bora kuliko zote wiki hiyo, na hajapata hata shilingi.