Mafundi wa Kuchora Hasira

Kuchora ngumi si kazi kubwa. Kijana yeyote wa sekondari mwenye penseli na daftari ataichora, na damu ataimwaga. Kazi ipo katika kumchora mtu aliyekasirishwa na anayempenda, huku wote wawili wamekaa meza moja na chakula kinapoa. Kazi hiyo imefanywa kwa ustadi mkubwa katika Invincible, katuni ya mashujaa ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Machi 2021, nami naisifu kwa moyo wote. Nimeona ikiwanyamazisha vijana wa Mtunda, Kibiti, watu ambao muvi ya mapigano huitazama kwa vifijo.

Huku Kibiti muvi haziji kwa njia ya sinema. Kijana huenda dukani akaingiziwa kwenye memori kadi, usiku simu moja ikakusanya vichwa vinne vitano. Wanaotoka kulinda mpunga kwenye dungu nao hufika, wamechoka, wanataka ubabe. Invincible huwapa ubabe, kisha huwapeleka wasikotarajia: nyumbani kwa watu.

Hadithi ilianza kama kitabu cha picha mwaka 2003, mwandishi akiwa Robert Kirkman, na ilikwenda hadi 2018. Mark Grayson ni kijana ambaye baba yake, Nolan, ndiye shujaa mkubwa kuliko wote duniani, mgeni kutoka sayari nyingine. Mama yake, Debbie, ni binadamu wa kawaida, anauza nyumba. Mwisho wa sehemu ya kwanza kabisa, Nolan anawaua mashujaa wenzake. Sisi watazamaji tunajua, mkewe na mwanawe hawajui. Tangu hapo kila kikombe kinachowekwa mezani kinatisha.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Sehemu nyingi zinapita na baba hafokei mtu. Anajibu kwa ufupi, anaangalia pembeni, anatoka. Mto Rufiji hupanda hivyohivyo wakati wa masika, bila kishindo, mpaka mtu aamke akute maji mlangoni. Debbie naye hapigi kelele. Anaikuta nguo ya mumewe yenye damu, anaipeleka kwa fundi aliyezoea kuwashonea mashujaa, na anatafuta ukweli mshono kwa mshono. Sauti yake ni ya Sandra Oh, na mama huyo aliyeshikilia nguo namweka juu ya mapigano yote ya sizoni ya kwanza. Wanawake wengi wa pwani yetu wameijua shaka ya namna hiyo, na wameibeba kimya kwa sababu ya watoto.

Katuni za televisheni hazichorwi kwa wingi wa picha kama filamu kubwa. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, lakini wachoraji wa televisheni mara nyingi huacha mchoro mmoja ukae kwa picha mbili, tatu, hata zaidi. Uso unaganda. Fundi mdogo huona hilo ni upungufu akalificha kwa makelele. Mafundi hawa wamegeuza ule mgando kuwa hasira yenyewe. Taya limefungwa, jicho halipepesi, na sauti ya J. K. Simmons inatoka taratibu kwenye uso usiotikisika. Mtoto aliyelelewa na baba mkali anaujua uso huo, na anajua pia kwamba baba akinyamaza ni afadhali angefoka.

Sehemu ya nane hasira inapasuka. Nolan anamshika mwanawe mbele ya treni inayokuja, na kwa kuwa mwili wa kijana hauvunjiki, treni ndiyo inayochanika, pamoja na abiria wake. Hakuna muziki wa ushindi. Wachoraji wanataka tuwaone wale abiria. Wilaya yetu mwaka 2017 ilizika viongozi wa vijiji na askari polisi waliouawa kwa risasi, na nadhani ndiyo maana pale simu ilipofika kwenye treni hakuna aliyeshangilia. Hapa watu wanajua maiti ni ya nani: ina mama, ina wajomba, ina watoto.

Kisha baba anampiga mwanawe juu ya mlima karibu kumuua, na katikati ya kipigo anakumbuka siku Mark alipokuwa mdogo, akicheza mpira wa besiboli, naye Nolan akiwa pembeni hana subira. Mkono unasimama. Anamuuliza kijana, baada ya miaka 500 atabaki na nini, na kijana, uso umevimba, anamjibu kwamba atabaki na yeye baba yake. Nolan anaruka angani machozi yakimtoka. Hakuna nguvu ya kishujaa iliyomshinda, ila jibu la mtoto.

Sizoni ya pili inaleta deni. Adui anamvunja Debbie mkono, na Mark anampiga mtu yule kupita kiasi, halafu anajitazama mikono kwa hofu. Amemuona baba yake ndani yake. Waandishi hawakumpa hotuba ya kujitetea, wakamwacha peke yake na alichokifanya. Uamuzi huo nauheshimu sana.

Wapo watakaosema haya ni ya Wamarekani. Lakini sisi ndio wenye Fumo Liyongo, shujaa asiyepenywa na chuma wala mshale, aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, kijana akiwa ameahidiwa na sultani kwamba ataozwa mke. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa sababu wanadhani amekasirika. Wanamwomba mama yake aende amtulize. Mama anambembeleza mwanawe aliyekwishakufa. Kisa cha hasira na nyumba kinachozidi hicho sikijui.

Na mikono ya kuchora tunayo. Ubongo Kids imekuwa ikitengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, na Kenya imetoa Super Sema, katuni ya binti shujaa na pacha wake, mwaka 2021. Hizo ni za watoto, na ni njema. Invincible si ya watoto, mzazi asimwachie mwenye miaka saba simu akidhani katuni zote ni mchezo. Ninachowaomba wachoraji wetu ni kazi ya watu wazima: mtuchoree Liyongo na mwanawe, na mtakapofika usiku ule wa sindano msiharakishe. Mchoreni kwanza yule kijana akila chakula cha baba yake.