Karatasi ya Sauti Moja

Kosa ninalolieleza hapa ni langu mwenyewe. Nililifanya Nyaishozi, wilayani Karagwe, nikidhani ninaisaidia kwaya.

Nilikuwa nimejifunza kutumia MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia nota, ambayo hupatikana bila malipo. Nikaandika nyimbo zetu kwa muundo wa mambo matatu tu: sauti ya kwanza, maneno chini yake, na juu yake kodi za gitaa (si zile za serikali): G, C, D. Unabonyeza Ctrl na K, unaandika herufi, nayo inakaa mahali pake. Ukitaka kuushusha wimbo kutoka G hadi F, programu inashusha nota na kodi zote kwa mkupuo mmoja. Nikachapa, nikagawa.

Vijana wa gitaa walifurahi, na walikuwa na haki. Zamani walipapasa nyuzi mpaka ubeti wa pili ndipo wapate njia. Sasa walianza pamoja na waimbaji. Faida hiyo siikanushi.

Lakini baada ya majuma kadhaa nikasikia kwaya imepungua, ingawa watu walikuwa wale wale. Akina mama wa sauti ya pili walikuwa wamehamia sauti ya kwanza, na sauti ya tatu ikawafuata. Mzee mmoja wa besi akanijia na karatasi mkononi.

"Mwanangu, karatasi ni nzuri. Lakini mimi umeniandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika. Herufi G humwambia mpiga gitaa apige G, B na D kwa pamoja. Haimwambii mzee yule ashike ipi kati ya hizo, wala ashuke lini. Kodi ni muhtasari wa wimbo, na katika muhtasari wangu watu wengi walikuwa wamefutwa.

Mzee akatoa mkobani daftari lake la solfa: d, r, m, f, s, l, t, mistari minne, na juu kabisa "Doh = G". Njia hiyo chanzo chake ni Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na John Curwen aliieneza katika karne ya 19. Nikaitazama kwa macho mapya. Ile sifa ya kushusha wimbo niliyokuwa nikiitangaza ilikuwamo humo siku zote: unabadili herufi moja ya juu, basi. Tena haihitaji umeme. Finale, programu ya nota iliyoanza mwaka 1988, watengenezaji wake walitangaza mwaka 2024 kuacha kuiendeleza; daftari la mzee bado linafunguka.

Sisemi kompyuta itupwe. MuseScore ile ile huandika sauti nne, tena vizuri. Ni mimi niliyechagua njia fupi kwa kuwa ilitosha ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo hatari ya chombo chepesi: hutufanya tudhani kilichoachwa hakikuwa na maana.

Sasa naandika karatasi mbili: ya wapiga gitaa, na ya waimbaji yenye sauti nne pamoja na solfa. Wimbo mmoja hunila jioni nzima. Siku nilipoigawa ya kwanza, mzee alivaa miwani, akaushusha mkono wake mstari kwa mstari mpaka wa chini kabisa, akaanza kuimba polepole.