Gomesi, Koseti na Kalamu Nyekundu

Utangulizi

Katika somo la uhakiki tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kuichambua kazi ya sanaa kwa kutazama fani na maudhui yake. Mara nyingi kazi hiyo huwa riwaya, tamthilia au diwani. Makala haya yanachukua kazi isiyo na kurasa, yaani gomesi, vazi ambalo ndugu msomaji hulikuta katika sherehe nyingi hapa Mbarara, na kuilinganisha na koseti, vazi la kubana kiuno lililovaliwa na wanawake wa Ulaya katika kipindi kile kile. Kilichonisukuma kuandika ni kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza.

Fani

Simulizi inayokubaliwa na wengi inasema kwamba gomesi ilibuniwa mwaka 1905 na Caetano Milagres Gomes, Mgoa aliyekuwa fundi, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Wengine huiita bodingi, jina linalokumbusha shule ya bweni. Muundo wake unafahamika: shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyochongoka, kitambaa cha mita sita hivi, na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno. Ndani huvaliwa kikoi ili nguo isigande mwilini na nyonga zionekane pana.

Koseti ya miaka hiyo ilikuwa na muundo mwingine. Ilikatwa vipande vyembamba vingi vya pamba nzito, kila kimoja na mkunjo wake. Katika mishono viliingizwa vijiti vya chuma, au vya kile kinachoitwa mfupa wa nyangumi, ingawa hasa ni utando mgumu wa kinywani mwake. Nyuma palikuwa na matundu ya kamba za kukazia. Mtindo wa wakati huo ulisukuma kifua mbele na nyonga nyuma. Violezo vya kukatia koseti za kale vimehifadhiwa. Norah Waugh alichapisha kadhaa katika kitabu chake Corsets and Crinolines (1954), na mpaka leo wapo mafundi wanaoshona kwa kuvifuata.

Maudhui

Ni rahisi kuhitimisha kwamba koseti ni utumwa na gomesi ni utamaduni. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni nyepesi. Mabega ya gomesi ni ndugu wa mikono iliyotuna ya magauni ya Ulaya ya mwishoni mwa karne ya 19. Aidha, mavazi yote mawili yana msimamo kuhusu mwili wa mwanamke: moja linataka kiuno chembamba, jingine nyonga pana.

Tofauti kubwa iko kwingine. Gomesi moja yaweza kuvaliwa na mama, kisha na bintiye, kwa kulegeza au kukaza mshipi. Koseti haina huruma hiyo. Ndiyo maana anayeshona kwa kiolezo cha kale hulazimika kwanza kushona ya majaribio kwa kitambaa hafifu, kumvalisha mwenyewe, kuona inapobana na inapopwaya, ndipo akirekebishe kiolezo. Mwili haurekebishwi.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekulia Nakivale aliandika insha kuhusu mama yake, fundi wa nguo aliyetoka Kivu. Aliandika kwamba mama alikata kikwembe akashona libaya la kubana. Kwa kalamu nyekundu nilifuta kikwembe nikaandika kitenge. Libaya nikaliwekea alama ya kuuliza. Kisha nikampunguzia maksi.

Baadaye nilifika Nakivale, katika soko la Base Camp. Makazi hayo yaliyoko wilaya ya Isingiro yalianza mwaka 1958 kwa kuwapokea Wanyarwanda. Leo wapo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Nilimkuta fundi Mkongo akimpima mteja Mrundi, nao wakielewana kwa Kiswahili bila taabu. Nilipomuuliza kuhusu kiolezo kilichokuwa mezani, yeye alikiita patroni, neno la Kifaransa. "Mwalimu," aliniambia, "patroni ni ya kuanzia tu. Nikifwata yote, uyu mama hataikala chini." Sikumsahihisha.

Hitimisho

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Tunalalamika kwamba wasemaji ni wachache, ilhali jirani zetu wa Nakivale wanafanyia biashara kwa lugha hiyo kila siku. Sisemi Kiswahili Sanifu kitupwe. Bila kiolezo fundi huharibu kitambaa, na mwanafunzi asiyejua usanifu atakwama mtihanini. Ninachopendekeza ni kwamba neno kama kikwembe tuliandikie pembeni "Kongo", tumfundishe mwanafunzi na mwenzake kitenge, na maksi zake tumwachie.

Yule mwanafunzi nilimwomba radhi nikamrudishia maksi. Hata hivyo, insha yake iliyofuata haikuwa na mama wala cherehani. Iliandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa, juu ya umuhimu wa misitu.