Violonselo katika roki: kazi ya Eicca Toppinen

Mutu amefundishwa muziki wa kale katika shule kubwa, kisha anaacha njia ya okestra na kufwata roki. Je, amepoteza masomo yake? Wamoja wanajibu upesi kwamba ndiyo. Wengine, zaidi vijana, wanasema kwamba shule ilikuwa ikimufunga tu, na roki ndiyo iliyomufungua. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinahukumu mbele ya kusikiliza. Basi tusikilize kwanza kazi ya mutu mumoja, Eicca Toppinen, mupigaji wa violonselo wa inchi ya Ufini.

Toppinen alizaliwa mwaka wa 1975 katika Vantaa, muji ulio karibu na Helsinki. Alisoma katika Akademia ya Sibelius, shule kubwa ya muziki ya inchi yake. Katika mwaka wa 1993, yeye na wanafunzi wenzake walianza kupiga nyimbo za Metallica, kundi la roki kali la Marekani, kwa violonselo ine tu. Kundi lao likaitwa Apocalyptica. Katika mwaka wa 1996 walitoa sahani yao ya kwanza: nyimbo nane za Metallica, pasipo mwimbaji, pasipo gita, pasipo ngoma.

Hapo ndipo faida ya shule inapoonekana. Violonselo, ile violini kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, ina nyuzi ine: do, sol, re na la. Do yake ya chini inashuka kupita mi ya chini ya gita. Katikati inafanana na sauti ya mwanaume. Juu inaweza kulia kama sauti ya mwanamuke. Kwa hiyo vyombo vine vya namna moja vinaweza kugawanya kazi yote ya kundi la roki: kimoja kinashika wimbo pahali pa mwimbaji, vingine vinafanya kazi ya magita, na kimoja kinachunga sauti ya chini. Na ngoma je? Ngoma iko katika uta, ile fimbo yenye manyoya ya farasi. Mupigaji anaukandamiza juu ya nyuzi, anaukata kwa mapigo mafupi na ya upesi, na mwendo unasikilika wazi.

Kazi hiyo haiwezekani kwa mukono usiofundishwa. Tena violonselo haina vipande vya chuma, kama gita, vya kuonyesha kidole pahali pa nota; sikio peke yake ndilo linaloongoza. Watu wane wakikosa kidogo tu, sauti zinagombana. Kumbe ukali wa sahani ile umesimama juu ya mazoezi ya miaka mingi, na juu ya desturi ya kusikilizana.

Jambo la pili: Toppinen hakubaki mwigaji. Katika Inquisition Symphony ya mwaka wa 1998, nyimbo tatu alizitunga yeye mwenyewe. Katika Cult ya mwaka wa 2000, nyingi zilikuwa zake. Wala hakukana mabwana wa kale. Katika Cult kundi lake lilipiga kipande cha Grieg. Na katika mwaka wa 2013, Leipzig ilipokumbuka miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Wagner, walipiga kule Wagner Reloaded pamoja na okestra.

Sasa tuseme lawama yetu. Katika Reflections ya mwaka wa 2003, Dave Lombardo, mupigaji wa ngoma wa kundi la Slayer, aliwasaidia katika nyimbo kadha. Katika Worlds Collide ya mwaka wa 2007, waimbaji wageni walipata pahali pakubwa. Na Shadowmaker ya mwaka wa 2015 ilikuwa na mwimbaji wake, Franky Perez. Kwa njia hiyo walipata masikio mengi mapya, na hatuwezi kuwakatalia. Lakini ngoma ikipigwa, uta hauna lazima tena ya kuwa ngoma. Mwimbaji akisimama mbele, violonselo ya kwanza inarudi nyuma. Na vyombo vya umeme vikikwaruza sauti yake kupita kiasi, inafanana na gita. Na musikilizaji anajiuliza sababu gani hawakuchukua gita tangu mwanzo.

Cell-0, ya mwaka wa 2020, haina mwimbaji hata mumoja, na violonselo zinapumua tena. Katika mwaka wa 2024 walirudia nyimbo za Metallica kwa sahani ya pili, mara hii pamoja na ngoma. Mutu akiziweka pamoja sahani hizi mbili, ya 1996 na ya 2024, atasikia tofauti: ya nyuma ni nene zaidi, ya kwanza ni wazi zaidi. Sisi tunachagua ya kwanza.

Basi tunajibu ulizo letu. Shule haikumufunga Toppinen, wala yeye hakuipoteza. Ilimupa sikio na mukono. Na mara alipokuwa na musaada mudogo, ndipo vilipofanya kazi kubwa. Wafratri na waalimu wa nyimbo wanaotaka kuongeza gita, ngoma na vipaza sauti katika kundi lao, wasikatazwe. Lakini wajiulize kwanza: sauti tulizo nazo zimekwisha kutoa yote zinayoweza?