Hofu na Taharuki: Filamu Tatu Zilizotazamwa Korbesa

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuihesabu taharuki kuwa kipengele cha fani: msanii huficha jambo, hadhira ikalisubiri kwa hamu, kisha fumbo likafumbuliwa. Katika likizo iliyopita nilitazama filamu tatu huko Korbesa, kaunti ya Isiolo, pamoja na jamaa na majirani, kwa kompyuta ya mkononi iliyochajiwa kwa umeme wa jua. Nilirudi na shaka juu ya mazoea hayo. Taharuki ni suala la maudhui pia, kwani kabla ya kuficha lolote msanii huwa ameshaamua ni hofu ya nani inayostahili kusubiriwa.

Ya kwanza, The Ghost and the Darkness (1996) ya Stephen Hopkins, ni ya kutisha. Inahusu simba wawili walioua wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898, ingawa ilipigwa Afrika Kusini. Simba wa kwenye filamu wana manyoya marefu shingoni. Wale halisi, waliohifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, hawakuwa nayo. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba vibarua hufa kwa makundi, aghalabu pasi na majina, ilhali taharuki yote imefungwa kwa wawindaji wawili, Patterson na Remington, na huyu wa pili ni wa kubuni. Hata Samuel (John Kani), aliyekabidhiwa usimulizi, anasimulia ushujaa wa hao. Mzee mmoja mfugaji, ambaye zizi lake limewahi kuvamiwa na simba, hakushtuka hata mara moja. Aliuliza tu: “Mwalimu, boma hilo la miiba limejengwa na nani, na zamu ya usiku ni ya nani?” Hilo ni swali la kihakiki, nami sikuwa na jibu, kwa sababu filamu yenyewe haikutaka kujua.

Kuhusu The Constant Gardener (2005) sitasema mengi. Fernando Meirelles anaitumia kamera kwa ustadi, na hasira yake dhidi ya kampuni zinazojaribia dawa kwa maskini ni ya kweli. Hata hivyo, tunachosubiri ni kujua nani alimuua Tessa. Kifo cha Wanza, mgonjwa maskini, kimekuwa kidokezo tu cha kumfikisha Justin kwenye jibu. Na kaskazini yetu, ufuoni mwa Ziwa Turkana, ni mahali pa Waingereza kufia.

The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King ni filamu ya hali halisi. (Between the Rains ya mwaka 2023, inayowahusu Waturkana wa Ngaremara katika kaunti hii hii, inastahili makala yake.) Karisa, kijana anayeishi Mombasa, anasoma katika Facebook kwamba bibi yake anaitwa mchawi, naye anafunga safari kwenda kwao Kilifi. Malighafi yote ya filamu ya kutisha imo humu: tuhuma za uchawi, vitisho, wazee wanaouawa. Watengenezaji wanakataa kuitumia hivyo. Mapema tu tunatambua kwamba nyuma ya tuhuma kuna ardhi. Hakuna fumbo lililofichwa, na bado taharuki ni nzito kuliko katika zile mbili, maana washtaki na mshtakiwa ni watu wa ukoo mmoja, wanasalimiana na kusali, na anayeogopwa si mchawi bali mwana. Kasoro ninayoiona ni muziki, ambao pengine hututangulia kuhisi.

Katikati ya filamu hiyo mama mmoja aliniomba niisimamishe. Alitaka kwanza kuhakikishiwa kwamba bibi yule hakuuawa. Nilimwambia, “Subiri, mama, utaona,” kwa kuwa niliogopa kuiharibu taharuki. Aliinuka akaenda kwake, asijue mwisho.