Nguvu, Udhaifu na Kisima: Kuwasoma Upya Mashujaa wa Hadithi za Picha

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuzipita hadithi za picha kama abiria apitavyo kibanda cha magazeti akiwa na haraka ya garimoshi. Ushairi una wachambuzi wake. Riwaya na tamthilia kadhalika. Hadithi za picha, hasa zile za mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu, hutajwa chini ya anwani ya fasihi pendwa na kuachwa papo hapo. Dharau hiyo si ya Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1954, nchini Marekani, daktari Fredric Wertham alitoa kitabu kilichozishutumu hadithi hizo kwamba zinawaharibu watoto, na mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni za kuzidhibiti.

Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo ina kasoro ya mbinu. Hadithi za mashujaa zimepimwa kwa jicho la msomaji aketiye kando, hali ziliumbwa kwa ajili ya msomaji ajitiaye ndani. Mtu mzima akitaka kuzirudia kwa haki yampasa atafute njia ya kuingia tena. Njia moja ipo, nayo ni mchezo wa masimulizi wa mezani. Dai hili litajaribiwa katika mazingira ya Voi na Taita Taveta, mahali ambapo hadithi za mashujaa zimepata kuandikwa na wageni mara nyingi kuliko na wenyeji.

2. Msomaji mtoto na msomaji mzima

Katika miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970, vijana wa Afrika Mashariki walisoma jarida la African Film, ambamo mpelelezi Lance Spearman aliwakimbiza wahalifu kwa picha za kamera. Katika Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Kutoka ng'ambo waliletewa Superman, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1938, na Spider-Man, aliyetokea mwaka 1962. Msomaji mtoto hakuwa msomaji tu. Kijitabu kilipofungwa, kanga ya mama ilifungwa shingoni, na ukuta wa jirani ukawa ghorofa la mji usioonekana.

Shule ilikuja ikafundisha kwamba kitabu cha watu wazima hakina picha. Miaka ikapita. Mtu huyo akikishika tena kijitabu cha utotoni huona yale aliyofundishwa kuyaona: wahusika bapa, adui asiye na sababu, na mgogoro uishao kwa ngumi. Humkumbuka labda Umberto Eco, ambaye katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman alieleza kwamba shujaa huyo, mwenye uwezo wa kuubadili ulimwengu mzima, huutumia uwezo wake mjini kwake kuzuia wizi na kutoa sadaka. Ubaya kwake ni kuguswa kwa mali ya mtu. Wema ni hisani. Hoja ya Eco ni nzito, na haitakanushwa hapa. Itaonyeshwa tu kwamba haimalizi maneno.

3. Kanuni za mchezo kama uhakiki

Mchezo wa masimulizi wa mezani ulipata umbo lake la kuchapishwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Watu kadhaa huketi. Mmoja ni msimulizi: hueleza mahali, hali na maadui. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika mmoja ambaye sifa zake zimeandikwa katika karatasi, naye huamua mhusika huyo anasema nini na kutenda nini. Penye shaka, dadu hutupwa. Hakuna hadhira; kila aliyepo ni fanani.

Umbo hili si geni kama linavyodhaniwa. Watoto wa Kiswahili wametega vitendawili tangu zamani kwa kanuni zisizovunjwa: ashindwaye hutoa mji, na aliyetega huupokea, hukaa mjini humo kwa maneno na kujisifu. Mtoto asiye na hata kuku wake mwenyewe hugawa Mombasa nzima, na wenzake huukubali ugawaji huo. Kilichoongezwa katika mchezo wa mezani ni kanuni zilizoandikwa na bahati ya dadu.

Kanuni hizo ndizo zinazomfaa mhakiki. Atungaye mchezo juu ya utanzu fulani hana budi kuamua ni kitu gani kinachoufanya utanzu huo uwe jinsi ulivyo, kisha akiandike kwa namna itakayowezesha watu wengine kuuzalisha. Kanuni za mchezo, kwa maana hiyo, ni uhakiki uliovaa nguo za kazi. Mifano mitatu itatosha.

Wa kwanza ni Champions wa George MacDonald na Steve Peterson (1981). Humo nguvu hununuliwa kwa alama, na njia mojawapo ya kuzipata alama hizo ni kukubali udhaifu: siri isiyofaa kujulikana, adui asiyechoka kukusaka, mzee anayekutegemea. Anayetaka kuwa na nguvu zaidi hujitwika mizigo. Msomaji mzima aliyedhani kwamba udhaifu wa shujaa ni kitu kilichobandikwa ili hadithi isiishe mapema, hapa hugundua kwamba udhaifu ndio mtaji.

Wa pili ni Marvel Super Heroes, uliobuniwa na Jeff Grubb na kutolewa na kampuni ya TSR mwaka 1984. Shujaa hujipatia karma kwa matendo mema, naye huitumia kuisaidia dadu wakati wa shida. Akiua, hupoteza karma yake yote. Lakini jambo la kuzingatia zaidi ni dogo: shujaa hupata karma kwa kutimiza ahadi zake za kawaida, kazini na nyumbani, na kuivunja ahadi ni hasara. Spider-Man anapochelewa kwa shangazi yake kwa sababu alikuwa akipigana na jambazi, mtoto huruka ukurasa huo. Mtu mzima akiucheza hawezi kuuruka, kwa kuwa ahadi iliyovunjwa imeandikwa katika karatasi yake.

Wa tatu ni Villains and Vigilantes wa Jeff Dee na Jack Herman (1979). Katika mchezo huo mchezaji hujicheza mwenyewe. Akili yake, nguvu zake na umbile lake hukadiriwa jinsi alivyo, ndipo dadu humpa uwezo wa ajabu. Mwalimu wa Voi hubaki mwalimu wa Voi. Amepata uwezo wa kuruka angani; deni la dukani liko pale pale.

4. Liyongo katika karatasi ya mchezo

Mtu akiirudia fasihi ya Kiswahili baada ya somo hilo, humkuta Fumo Liyongo akimngoja. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo ana nguvu zisizo na mfano, na silaha hazimdhuru ila moja: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaijua, na anaitoa kwa mwanawe aliyetumwa kuiuliza. Uhakiki wa darasani umemchambua kama shujaa wa kitaifa, mshairi na mpinzani wa mtawala dhalimu. Macho ya mchezaji huona muundo wake: nguvu iliyonunuliwa kwa udhaifu, na udhaifu uliowekwa mikononi mwa mpendwa.

Macho hayo huona zaidi. Liyongo alipokuwa kifungoni hakujitoa kwa nguvu zake peke yake. Mama yake aliificha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Mjakazi Saada akaupeleka. Watu wa ngoma wakapiga na kuimba hata sauti ya pingu zikikatwa isisikike. Msomaji husema Liyongo alitoroka. Watu watano wakiketi mezani kuicheza sehemu hiyo, mmoja wao itambidi awe Saada, apite mbele ya walinzi wenye mazoea ya kuwanyang'anya wafungwa chakula kizuri, na atupe dadu. Hapo swali la ushujaa wa Saada, ambalo utenzi unalipita haraka, haliwezi kupitwa tena.

5. Voi: watu wasiohesabiwa

Sasa na ichukuliwe kwamba meza imewekwa Voi. Hadithi ya mahali hapo ijulikanayo zaidi duniani ni ya simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Shujaa wake ni mhandisi John Henry Patterson, aliyewaua simba hao na kuchapisha kitabu mwaka 1907. Filamu zimetengenezwa, mojawapo mwaka 1996. Simba wenyewe wamo katika jumba la Field Museum, Chicago. Katika kitabu chake Patterson aliwahesabu Wahindi 28 walioliwa. Kuhusu Waafrika alisema kwamba walikuwa wengi, lakini idadi yao haikuwekwa. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Uchunguzi wa kisayansi uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria watu wapatao 35.

Yafaa mhakiki asimame hapo kidogo. Hadithi ina shujaa mmoja mwenye jina, wanyama wawili wenye makumbusho, na kundi la watu ambao hata kifo hakikuwapatia nambari. Msomaji wa Taita akikisoma kitabu hicho kwa kufuata njia iliyochorwa na mwandishi, hujikuta amekaa juu ya mti pamoja na Patterson, bunduki mkononi, akiwatazama wahenga wake kama watu wa pembeni. Meza hairuhusu hilo kwa urahisi. Kila aketiye hupewa karatasi, na kila karatasi ina mahali pa jina, pa uwezo, pa udhaifu na pa mtu amtegemeaye. Msimulizi akiamua kwamba wachezaji ni wajenzi wanne wa reli, hana budi kuuliza: unaitwa nani? Ulitoka wapi? Nani anakungoja nyumbani? Maswali haya matatu hayakuulizwa mwaka 1898.

Wala Taita Taveta haina upungufu wa majina. Mwangeka aliyewaongoza Wataita dhidi ya Kampuni ya Imperial British East Africa, akauawa mwaka 1892, anasubiri mchoraji na msimulizi wake.

6. Kisima

Bado hoja ya Eco haijajibiwa. Shida kubwa ya mji wa Voi si jambazi aliyevaa kinyago. Chemchemi za Mzima zimo Tsavo Magharibi. Bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 huyachukua maji yake hadi Mombasa, na wakazi wa Taita Taveta wamelalamika kwa muda mrefu kwamba maji huwapita wao wakibaki na ndoo tupu. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti imo ndani ya hifadhi za wanyama, na ndovu huingia mashambani. Shujaa arukaye angani atafanya nini? Akilivunja bomba, Mombasa itakufa kiu. Akimpiga ndovu, amempiga asiye na hatia.

Udhaifu wa utanzu huu uko hapo, na mchezo hauufichi. Lakini kijitabu hukwepa swali kwa kufungua ukurasa mwingine, hali wachezaji watano wa Voi, waliopewa nguvu na kuulizwa watende nini, hulazimika kubishana. Ubishi huo ni fasihi, tena ni siasa. Utenzi wa Liyongo ulikwisha kuliona jambo hili. Liyongo aliyechomwa alikwenda kisimani akapiga magoti, mshale upindeni, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji, wasijue kwamba amekufa, waliogopa kuteka maji, hata mama yake akaletwa kumsihi. Shujaa aliyependwa akawa kizuizi kati ya watu na maji yao. Hakuna onyo kali kuliko hilo kwa mji wowote unaongoja mtu mmoja mwenye nguvu aje kuuokoa.

7. Pingamizi na hitimisho

Itasemwa kwamba michezo hii ni bidhaa za ng'ambo, vitabu vyake ni ghali, na lugha yake ni Kiingereza. Yote ni kweli. Basi kazi ya idara za Kiswahili imo humo. Mchezo wenyewe wahitaji karatasi, kalamu na dadu, na panapokosekana dadu, vijikaratasi vyenye nambari ndani ya kikombe vyatosha. Kinachokosekana ni istilahi na kanuni za Kiswahili, zilizotungwa kutokana na ngano, tenzi na vitendawili. Kwamba vijana hupokea hadithi za picha katika lugha yao kumekwisha kuthibitishwa na Shujaaz, jarida la Sheng lililoanza Kenya mwaka 2010, ambalo shujaa wake hana nguvu za ajabu ila redio na siri. Huko Taita, meza moja huweza kusikia Kiswahili, Kidawida na Kisagalla katika jioni moja bila ya yeyote kuhisi amehama.

Kwa kuhitimisha, mtu mzima akirudiapo hadithi za mashujaa kwa njia ya mchezo huyakuta yale aliyoyaruka utotoni: gharama ya nguvu, uzito wa ahadi ndogo, na watu waliobeba mkate na tupa. Yampasa mhakiki naye aketi, achukue karatasi, na aulizwe jina lake.