Kutoka Vox hadi Marshall: Jinsi Sauti ya Clapton Ilivyogeuka

Msikilizaji mwenye subira akizitwaa rekodi mbili, ya kwanza ile ya Yardbirds iliyonaswa katika klabu ya Marquee mjini London mwezi Machi 1964, na ya pili ile ya John Mayall na Eric Clapton iliyotolewa na Decca mwezi Julai 1966, kisha akachagua katika ya kwanza wimbo wa taratibu uitwao "Five Long Years", na katika ya pili wimbo mwingine wa taratibu uitwao "Have You Heard", itamwia vigumu kusadiki kwamba vidole vilivyozigusa nyuzi ni vya mtu mmoja. Katika rekodi ya kwanza noti yaja nyembamba, kali, yenye kumeta, na kabla haijatulia sikioni imekwisha kufa; katika ya pili noti yazaliwa nene, yazidi kunenepa baada ya kuzaliwa, nayo yadumu hata mpigaji apate wasaa wa kuitikisa kwa kidole kadiri apendavyo.

Aghalabu watu huitaja gitaa kuwa ndiyo sababu ya tofauti hiyo. Kweli, Clapton alipokuwa na Yardbirds alizoea kupiga Fender Telecaster, na alipokuwa na Mayall alikamata Gibson Les Paul, ambayo pikapu zake, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zina mizingo miwili badala ya mmoja, na kwa hiyo hutoa mkondo wenye nguvu zaidi na ukali pungufu. Hilo silikani. Lakini sifa ya gitaa imetiwa chumvi kupita stahili yake, maana mkondo utokao katika pikapu, hata ile ya mizingo miwili, ni dhaifu mno, na hatima ya mkondo huo, kama utakuwa sauti safi au sauti yenye mkwaruzo, kama utakatika upesi au utadumu, huamuliwa ndani ya sanduku la amplifaya. Na kati ya rekodi zile mbili, Clapton alikuwa ameacha amplifaya ya Vox na kushika ya Marshall.

Vox AC30, iliyoundwa na Dick Denney na kutengenezwa na kampuni ya Jennings huko Dartford, ilikuwa na valvu nne ndogo za nguvu za aina ya EL84, spika mbili za inchi 12, na nguvu ya wati 30 hivi. Marshall nayo ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma aliyefungua duka huko Hanwell, magharibi ya London, na vijana wapiga gitaa waliokuwa wakimzuru dukani walimlilia awapatie amplifaya yenye sauti waitakayo. Basi mwaka 1962 fundi wake Ken Bran, pamoja na kijana stadi aitwaye Dudley Craven, walitwaa Fender Bassman ya Marekani, wakaifuata sakiti yake karibu hatua kwa hatua, wakatengeneza JTM45. Valvu za nguvu walizotulia nazo baadaye zilikuwa KT66 za Kiingereza, na katika hatua ya kwanza ya kukuza sauti, mahali ambapo Fender aliweka valvu ya upole ya 12AY7, wao walitia ECC83, ambayo hukuza zaidi. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba sauti ya Fender na sauti ya Marshall ni mataifa mawili yasiyojuana, na aifikirie asili hiyo: ramani ilikuwa moja, vikabadilishwa vijenzi vichache, na sauti ikahama.

Ambapo ramani zenyewe hazikufanana ni baina ya Vox na Marshall, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo. Katika Marshall, kama katika Bassman, sehemu ndogo ya umeme unaokwenda katika spika hurudishwa nyuma ikiwa kinyume, ili isahihishe makosa ya valvu za nguvu. Mafundi huliita jambo hilo mrejesho. Mithili yake ni nahodha mwenye mkono juu ya usukani, ambaye kila chombo kinapoanza kuyumba hukirudisha katika njia yake, na abiria hawatambui kwamba upepo umezidi, mpaka ufike wakati ambapo upepo umeushinda usukani, na hapo chombo huenda mrama kwa ghafula. Ndivyo Marshall ilivyo: kwa muda mrefu hubaki imara na safi, na ikiisha kushindwa huachia yote kwa pamoja, mkwaruzo wake ukawa mzito, wenye ukingo ulio wazi. Vox AC30 haina mrejesho huo. Yumbayumba zake huanza mapema, kidogo kidogo, kufuata uzito wa mkono wa mpigaji, na ule mmeto uliosikika Marquee ni mmeto wa valvu zisizokuwa na mtu wa kuzirudi. Fauka ya hayo, valvu za AC30 hujiwekea mizani zenyewe, na zikilemewa mizani hiyo huteleza na sauti hujibana. Katika Marshall mizani huwekwa na fundi na haiondoki mahali pake, ndiyo maana pigo lake huja kwa kishindo.

Kwa upande wa mengine tofauti si kubwa kama majina yavumavyo. Valvu igeuzayo umeme wa majumbani kuwa mkondo wa njia moja ilikuwa GZ34 katika zote mbili. Spika zilitoka kwa Celestion. Na wati hazikupishana sana. Wala haifai kudhani kwamba Vox haiwezi kuimba kwa pumzi ndefu, kwa kuwa Brian May wa Queen ameimbisha AC30 miaka mingi, lakini yeye huitangulizia kifaa kidogo kinachoongeza ukali na nguvu ya mkondo kabla haujaingia, na hata hivyo wimbo wake una utamu wa kioo ambao hutausikia kwa Clapton wa mwaka 1966.

Marshall aliyokuwa nayo Clapton katika studio ya Decca, West Hampstead, ilikuwa JTM45 ya sanduku moja lenye spika mbili za inchi 12, nambari yake 1962, ambayo ni nambari ya orodha ya bidhaa na haihusiani na mwaka. Akaifungulia sauti kama afanyavyo jukwaani, akakataa kuipunguza. Gus Dudgeon, fundi mitambo wa siku hizo, hakuwa amezoea kunasa gitaa kwa kishindo cha namna hiyo, lakini Mike Vernon aliyesimamia kazi aliuridhia msimamo wa kijana yule, na ninaamini kwamba uamuzi huo una uzito sawa na valvu zote nilizozitaja. Sababu ni kwamba amplifaya ikifikishwa kikomo chake, hewa ya chumbani hulitikisa bao la gitaa, bao huzitikisa nyuzi, na nyuzi zilizokuwa zikielekea kufa hupewa uhai mpya na sauti yao wenyewe. JTM45 iliyopunguzwa hata isiwaudhi majirani isingeliweza kufanya hivyo, iwe mbele yake pana Les Paul au gitaa lolote.

Ushahidi wa mwisho ulikuja kwa msiba. Katika kiangazi cha mwaka huohuo 1966, Clapton akiwa amekwisha kumwacha Mayall na kuungana na Jack Bruce na Ginger Baker katika Cream, ile Les Paul iliibwa. Akapiga magitaa mengine, na mwaka 1967 alikuwa na Gibson SG iliyopakwa rangi za kila namna, mbele ya Marshall za wati 100, ambazo valvu zake za nguvu sasa zilikuwa EL34. Na noti ile nene, yenye kunenepa baada ya kuzaliwa, bado ilikuwa yake.